Mamlaka ya Kuazima: Habari ya Biti Moja ya Unix

Katika maabara za Bell, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ndiko Ken Thompson na Dennis Ritchie walikoanza, mwaka 1969, kuunda mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Nao, maadamu mashine moja ilitumiwa na watu wengi, walimpa kila mtu namba yake, hata kila programu ikawa inabeba namba ya aliyeianzisha, ikaruhusiwa anayoruhusiwa na kuzuiwa anayozuiwa. Namba sifuri peke yake haikuwekewa mpaka: mwenye kuishika husoma faili lolote na kufuta alitakalo.

Utaratibu huo mwepesi ulikuwa na taabu yake. Mtu akitaka kubadili neno lake la siri, sharti liandikwe katika faili ambalo, lau angeruhusiwa kuliandika mwenyewe, angeweza kubadili la jirani pia, au kujipa namba sifuri. Dawa aliipata Ritchie, nayo kwa rai yangu ni katika fikira bora kabisa za fani hii: biti moja tu katika ruhusa za faili la programu, yenye maana kwamba programu hiyo, aiendeshe yeyote yule, itatenda kwa mamlaka ya mwenye faili. Ukiorodhesha faili la passwd, programu ya kubadili neno la siri, utaiona alama yenyewe, herufi s mahali ambapo faili nyingine zina x. Na mtu asiye na cheo akiiendesha, huulizwa neno la zamani, hubadilishiwa lake tu, na programu ikisha kazi, mamlaka yale hutoweka pamoja nayo. Kampuni ya Bell iliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1973, ikapewa tarehe 16 Januari 1979 kwa namba 4,135,240, kisha haki hiyo ikaachiwa umma bila malipo.

Kuazima, basi, kulikuwa kwepesi. Kurudisha ndiko kulikowatesa mafundi. Programu ilikuwa na namba mbili, ya aliyeianzisha na ile inayotendea kazi. Toleo la Unix liitwalo System V likazidisha ya tatu, ya akiba, ili programu iweze kuyaweka mamlaka kando na kuyatwaa tena, ilhali watu wa Chuo Kikuu cha Berkeley, wenye Unix yao, walishika njia yao, hata amri ile ile ya setuid, ya kubadili namba, ikawa na maana mbalimbali kwa kila mfumo. Mwaka 2000 ikadhihirika hatari yake katika Linux, mfumo wa jamii ya Unix: mtumiaji aliweza kuinyima sendmail, programu ya kupeleka barua, uwezo wa kubadili utambulisho, nayo ikaomba kuacha namba sifuri, ikajibiwa kuwa imefaulu, kumbe ile ya akiba imebaki vilevile sifuri. Toleo la 2.2.16 la kiini cha Linux likaziba ufa huo. Miaka miwili baadaye Hao Chen, David Wagner na Drew Dean walizipima amri hizi za kubadili namba katika mifumo ya Linux, Solaris na FreeBSD, wakaona iliyo wazi kuliko zote ni setresuid, kwa kuwa hutaja namba zote tatu bayana.

Nawasihi basi vijana wanaoandika programu za namna hii: acheni kwanza namba za makundi ya watumiaji ambazo programu huzibeba pia, kwani mkishaivua namba sifuri hamtakuwa na idhini ya kuziacha, kisha mwivue namba yenyewe, msome jibu la amri, na mzikague namba zote tatu kabla ya kupokea neno lolote kutoka kwa mtumiaji.