Steven Kanumba: kutoka kundi la Kaole hadi mabanda ya video

Steven Kanumba alikuwa mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu wa Tanzania. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984 na kufariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Safari yake katika sanaa ilidumu takriban miaka kumi tu tangu ajulikane, lakini ukilitaja jina lake sokoni Ifakara, Mang'ula au Mlimba, huna haja ya kueleza ni nani.

Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kundi la maigizo ambalo michezo yake ilirushwa na ITV. Vincent Kigosi, yaani Ray, na Blandina Chagula, maarufu kama Johari, nao walipitia humo. Watazamaji wa televisheni walianza kumwona Kanumba katika mchezo wa Jahazi, kisha Dira.

Wengi wetu huku bondeni hatukumjua kwa televisheni. Umeme ulikuwa haujafika vijiji vingi. Tulimjua kwa DVD zilizoletwa na mabasi kutoka Dar es Salaam kupitia Mikumi, zikaonyeshwa kwenye mabanda ya video: jenereta nje, mabenchi ndani, kiingilio kidogo mlangoni. Mabanda hayo kabla yake yalitawaliwa na Wanaijeria, Wahindi na Wachina. Kanumba na wenzake walileta hadithi zinazozungumzwa kwa Kiswahili, zenye mama mkwe, mirathi, mganga na mapenzi ya mjini. Majina ya filamu, hata hivyo, yalikuwa ya Kiingereza karibu yote, jambo ambalo hadi leo hutuchekesha kidogo.

Mwaka 2006 alicheza Dar to Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria, na baadaye Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah. Oprah ya mwaka 2008, akiwa na Ray na Irene Uwoya, ilitikisa nchi. Sisi tunaona kazi zake bora ni zile alizocheza na watoto, kama Uncle JJ na This Is It, kwa sababu humo alipunguza makeke na kumwachia mtoto nafasi ya kuongoza hadithi.

Fedha ndiyo habari ngumu. Kwa kawaida mtayarishaji alimuuzia msambazaji filamu kwa malipo ya mara moja. Baada ya hapo, nakala ziuzwe elfu moja au laki moja, faida ilikuwa ya msambazaji. Waigizaji wengi walilipwa kwa makubaliano ya mdomo. Nakala bandia zilikula kilichobaki, na tukubali kwamba baadhi ya zilizoonyeshwa kwenye mabanda yetu zilikuwa za aina hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999. Hakimiliki ni ya aliyeitunga kazi. Hakishiriki ni ya anayeicheza au kuiimba. Lakini aliyesaini kuuza haki zake zote kwa kawaida hana tena cha kudai katika mauzo. Jambo hilo liliibuka upya mwaka 2018, mchekeshaji mkongwe Amri Athuman, King Majuto, alipokuwa mgonjwa, hadi serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huo.

Kanumba aliagwa katika viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni tarehe 10 Aprili 2012, mbele ya maelfu ya watu, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwemo. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwigizaji Elizabeth Michael, Lulu, kwa kumuua bila kukusudia, na kumhukumu kifungo cha miaka miwili.

Filamu yake Ndoa Yangu, aliyocheza na Jacqueline Wolper, iliingia sokoni akiwa ameshazikwa. Leo kazi zake zinatazamwa kwenye simu, kupitia YouTube au memori kadi inayojazwa dukani kwa shilingi chache.