Gemu la Ancestors: lina ukweli gani kuhusu asili yetu?



Likizo iliyopita mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha kwanza, alikuja kwangu tukacheza gemu la Ancestors siku nne mfululizo. Siku ya tano tukiwa mezani akanipa hii: "Mjomba, kumbe watu wa kale walianza kula nyama kwa kujizoeza tu. Waliugua mara kadhaa, halafu watoto wao wakazaliwa tayari wameshazoea." Kaongea kwa kujiamini kweli kweli! Nikaona hapo kuna kazi. Naandika haya ili mzazi au mchezaji mwingine ajue kipi achukue na kipi akiache kwenye kompyuta.

GEMU LENYEWE

Jina kamili ni Ancestors: The Humankind Odyssey. Limetengenezwa na Panache Digital Games ya Montreal, Kanada, chini ya Patrice Désilets, yule aliyeongoza ubunifu wa Assassin's Creed ya 2007. Lilitoka Agosti 2019 kwa kompyuta, na Desemba mwaka huohuo kwa PlayStation 4 na Xbox One.

Unaanza Afrika miaka milioni 10 iliyopita ukiwa na ukoo wa viumbe wanaofanana na sokwe. Kazi yako ni kula, kunywa, kulala, kuzaa, kukwepa mamba, chatu na paka wakubwa wenye meno kama majambia, mpaka ufike miaka milioni 2 iliyopita. Kila jambo unalorudia linajenga mishipa ya ubongo, na kabla ya kuvuka kizazi unachagua ujuzi gani watoto warithi. Ukoo wote ukifa, unaanza upya tangu mwanzo. Mimi ulinifia kwa uzembe wangu mwenyewe, niliwapeleka wote mtoni usiku. Acheni tu.

WALIPOPATIA

Tusiwe wachoyo wa sifa. Gemu linaanza na ndege mkubwa anayeua mzazi na kuacha mtoto yatima. Wengine wanaona ni sinema, lakini fuvu la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, lililojulikana tangu 1924, lina alama ambazo wataalamu mwaka 1995 walisema ni za tai. Tulikuwa chakula cha wengine, hilo wamelisema vizuri.

Kunyonyoa majani ya kijiti ili ukitumie nako ni kweli. Jane Goodall aliona sokwe wa Gombe, kule Kigoma, wakifanya hivyo mwaka 1960. Na wale wanaolalamika kwamba hakuna moto, jamani, hapo gemu liko sahihi. Ushahidi mzuri wa moto katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, ni wa miaka milioni 1 hivi, na gemu linaishia milioni 2.

WALIPOKOSEA

Kwanza, hili la mjomba wangu. Ndani ya gemu ukila kitu kigeni unaumwa, ukirudia mwili unazoea, na mazoea hayo yanarithiwa. Hayo ni mawazo ya Lamarck ya mwaka 1809. Mtu akibeba magunia sokoni maisha yake yote, mtoto wake hazaliwi na mabega mapana kwa ajili hiyo. Mfano wa kweli uko hapahapa kwetu. Utafiti uliotoka 2007 ulionyesha kwamba wafugaji wengi wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa mabichi. Hawakuyapata kwa kujizoeza kunywa. Yalitokea kwa bahati, na waliokuwa nayo wakabakiza watoto wengi zaidi. Gemu lina mabadiliko ya namna hiyo kwa baadhi ya watoto, lakini limeyafanya bonasi tu, mkate wenyewe ni mazoezi.

Pili, ngazi moja. Unaruka kutoka Sahelanthropus kwenda Orrorin, Ardipithecus, Australopithecus, kama darasa la kwanza kwenda la pili. Mageuko ni mti wenye matawi, na mengi yalikatika. Zinjanthropus aliyeibuliwa na Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959 hakuwa babu yetu, bali ni tawi la pembeni. Mwaka 2024 zilitangazwa nyayo za Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, zenye miaka milioni 1.5. Zamadamu wa aina mbili walikanyaga tope lilelile ndani ya saa au siku chache! Kwenye gemu huna jirani wa namna hiyo kabisa.

Tatu, kila kitu kinaanzia kwenye ubongo, hata kusimama. Nyayo za Laetoli, zilizochimbuliwa 1978, zina miaka milioni 3.6 na ushee. Walitembea wima kama sisi, ilhali ubongo wao ulikuwa kama theluthi ya wetu. Miguu ilitangulia, kichwa kikafuata baadaye sana.

KAMA MCHEZO TU

Linachosha. Kuhamisha kijiti mkono huu kwenda ule mara hamsini ili ubongo ukue, si mchezo ni adhabu. Wenzako wa ukoo mara nyingi wanakutazama ukiliwa. Na ukivuka zama unakuta msitu uleule, mti uleule, wakati hali ya hewa ya Afrika Mashariki katika miaka hiyo milioni 8 ilibadilika sana. Hiyo ndiyo ingekuwa hadithi yenyewe.

Je, ulicheze? Mimi nasema ndiyo, ila usimwachie mtoto peke yake. Huyu wangu nilimchorea mti wenye matawi kwenye karatasi, tukaandika Olduvai hapa, Laetoli pale, Turkana juu kule. Akaniuliza, "Sasa sisi tuko tawi gani?" Nikamwambia, lililobaki.

Watoto wetu wamezaliwa juu ya mifupa yenyewe. Itakuwa aibu wakijifunza habari zake kutoka Montreal tu, tena nusunusu.

Naomba kuwakilisha. Mliolicheza tupeni maoni yenu.