Cheo cha Msomi wa Siasa na Msomaji wa Msimbazi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Kutoka hapo hadi Mtaa wa Msimbazi na maduka ya Kariakoo ni mwendo mfupi wa miguu. Chuo kilihamia kilimani kwa sababu nzuri. Kinachonisumbua ni uhamaji mwingine: utaratibu wetu wa kumpandisha cheo msomi wa sayansi ya siasa humwondoa kwa wasomaji wanaoishi ndani ya siasa anayoichunguza.

Mfano upo karibu. Jumatatu, Mei 15, 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Jumatano yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao hadharani, viwanja vya Mnazi Mmoja. Mmoja baada ya mwingine walishika kipaza sauti, wakaeleza kero za kikosi kazi cha kodi, usajili wa stoo, na kamatakamata iliyokuwa ikiwafukuza wateja kutoka Kongo, Zambia na Malawi. Kikosi kazi kikasimamishwa, na usajili wa stoo pia. Mchana ule peke yake ungetosha tasnifu nzima: watu wasiobeba bendera ya chama chochote waliifanya serikali ijibu palepale, mbele ya kamera. Kwa nini hawakupitia kwa mbunge au diwani? Na agizo la kiongozi mmoja likitengua utaratibu wa mamlaka ya kodi, sheria inabaki na uzito gani? Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na mgomo ukasambaa hadi Mwanza na Mbeya.

Mhadhiri kijana anayetaka kuyachambua hayo ana mke au mume, kodi ya nyumba, na ngazi ya kupanda: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ngazi hiyo hupandwa kwa machapisho, na majarida yanayoheshimika katika fani yake ni ya Kiingereza. Akiandika gazetini kwa Kiswahili, kazi hiyo huingia fungu la huduma kwa jamii. Simlaumu anapochagua Kiingereza. Lakini mwenye duka aliyempa saa mbili za mahojiano hatakaa aisome hoja iliyojengwa juu ya maneno yake, wala hatapata nafasi ya kuipinga.

Waasisi wa fani hii hapa nchini walilijua swali la nani amtambue nani. Idara ya Sayansi ya Siasa ilianzisha jarida la The African Review mwaka 1971. Mwaka 1973 Chama cha Sayansi ya Siasa cha Afrika kiliundwa Dar es Salaam, ili Waafrika wapimane wenyewe. Samuel Mushi, aliyekuja kuwa profesa wa siasa, alikuwa amekwisha kuitafsiri Macbeth kwa Kiswahili mwaka 1968. Leo The African Review inachapishwa na Brill ya Leiden, Uholanzi. Hilo limeipa wasomaji wa mbali, nami nalikubali kama faida. Halitusaidii kumfikia msomaji wa Msimbazi.

Wapo wanaohofu kwamba Kiswahili kitashusha viwango. Hofu hiyo imejibiwa hapohapo Mlimani: majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika hupitisha makala kwa wataalamu kabla ya kuzichapa, na wapo waliofikia uprofesa kwa kazi za namna hiyo. Lugha na fasihi zikiweza, sioni kwa nini uchambuzi wa kodi, uchaguzi au serikali za mitaa ushindwe.

Kikwazo halisi kipo kwenye tathmini ya nje. Kazi za anayeomba uprofesa hupelekwa kwa wasomi wa vyuo vingine, na mara nyingi hao hawasomi Kiswahili. Hapo ndipo pa kuanzia. Kamati za kupandisha vyeo ziandae orodha ya wasomi wa siasa wanaokisoma vizuri, walioko Zanzibar, Nairobi, Eldoret, Bukavu na hata Marekani, kisha makala ya Kiswahili iliyopitiwa na wataalamu ipewe alama sawasawa na ya Kiingereza.