VVU na Ubongo: Kile Ambacho Kipimo cha Damu Hakisemi

Kliniki zetu husoma mafanikio ya tiba ya VVU kwenye damu: CD4 zimepanda kiasi gani, wingi wa virusi umeshuka kiasi gani. Vipimo hivyo vimeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna sababu ya kuvibeza. Hoja yangu ni kwamba damu haitoi habari zote za kichwani, na kwamba mgonjwa anayesahau dawa au tarehe ya kliniki huandikwa mtoro kabla hajapimwa kumbukumbu, ilhali usahaulifu huo waweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

VVU huufikia ubongo mapema mno. Nchini Thailand, watafiti waliowafuatilia watu walioambukizwa karibuni walikuta virusi katika maji ya uti wa mgongo siku 8 tu baada ya siku iliyokadiriwa kuwa ya maambukizi. Hubebwa na monosaiti, chembe nyeupe za damu zinazoweza kupenya ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Vikishaingia haviishambulii niuroni, kwa kuwa niuroni haina kipokezi cha CD4 ambacho virusi hukihitaji ili kuingia. Makazi yake ni makrofaji zilizo kando ya mishipa midogo ya damu, na maikroglia, seli za kinga za ubongo.

Niuroni basi huumizwa na ugonjwa wa majirani zake. Seli zilizoambukizwa humwaga protini za virusi, hasa gp120 na Tat, pamoja na kemikali za uvimbe kama TNF-alfa. Astrosaiti, ambazo kwa kawaida hufyonza glutameti iliyozidi, hulemewa. Glutameti inapojaa kwenye maungio kati ya niuroni, niuroni husisimuliwa kupita kiasi, kalsiamu hufurika ndani yake na matawi yake huanza kunyauka. Mara nyingi seli haifi. Hubaki hai lakini imepoteza sehemu kubwa ya mawasiliano yake na wenzake. Kwa sababu madhara huangukia zaidi sehemu za ndani ya ubongo na njia zinazoziunganisha na sehemu ya mbele, dalili za mwanzo ni kufikiri polepole, kushindwa kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, na kusahau jambo ulilopanga kulifanya baadaye. Kumeza kidonge saa mbili usiku ni jambo la namna hiyo hasa. Ugonjwa huu unamdhoofisha mtu pale pale tiba yake inapomtegemea.

Mwaka 1986, huko New York, Navia, Jordan na Price walieleza kwa kina shida ya akili inayotokana na UKIMWI. Baada ya tiba ya mseto kuanza mwaka 1996, hali ile nzito ilipungua sana. Hali nyepesi imebaki, hata kwa watu ambao virusi vimefubaa. Sababu ni kadhaa: uvimbe usiozimika kabisa, virusi vilivyojificha ndani ya seli, na majeraha ya zamani kwa waliochelewa kuanza dawa hadi CD4 zikashuka sana.

Ukubwa wa tatizo ndio wenye ubishi, na hapa inafaa kuwa waangalifu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wenye washiriki 1,555, ulikuta dosari ya utambuzi kwa asilimia 52. Tunaweza kutishwa na takwimu hiyo bila kuuliza imepatikanaje. Vigezo vilivyotumika, vya mwaka 2007, humhesabu pia mtu asiyelalamika lolote ila alama zake za mtihani ziko chini, na alama hushuka kwa sababu nyingi: elimu ndogo, sonona, pombe, shinikizo la damu. Mwaka 2023 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza kwamba alama za chini peke yake zisiitwe ugonjwa wa ubongo. Naafiki. Kwa bibi wa kijijini ambaye hakuwahi kushika kalamu, mtihani wa kuchora hupima shule aliyoikosa kabla haujapima virusi.

Lakini dosari ya kipimo si ruhusa ya kuacha kupima. Mwaka 2005 kilichapishwa kipimo kifupi kilichojaribiwa Baltimore na Kampala: mgonjwa hukumbuka maneno manne, hugongesha vidole viwili kwa sekunde tano, kisha huiga mfuatano wa mikono. Nacho hakijanusurika na athari ya elimu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa shida ya akili kwa wazee walikwenda mbali zaidi kwa kumpa mzee njiti za kiberiti apange umbo, badala ya kumpa karatasi. Mwelekeo huo ndio wa kufuatwa, na alama za mgonjwa zilinganishwe na za wenzake wasio na VVU wa umri, elimu na mazingira yale yale.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Siku hizi mteja ambaye virusi vimefubaa hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, na kwa mtu mwenye kumbukumbu timamu huo ni unafuu mkubwa wa nauli na muda. Kwa anayeanza kusahau, ni nusu mwaka bila mhudumu yeyote kumtazama. Kabla ya kumkabidhi makopo hayo, muuguzi angeweza kumpima kwa dakika chache, na kumuuliza msaidizi wake wa tiba swali ambalo mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kulijibu: je, tangu mwaka jana, amebadilika?