Hayati Magufuli: Mlango Alioufungua na Mlango Alioufunga

Ndugu mwana-Chato,

Kila tunapokutana kuchangia maendeleo ya nyumbani, jina la hayati Dkt. John Joseph Pombe Magufuli halikosi kutajwa. Wengine humsifu, wengine huinama na kunyamaza. Sisi tuliopewa kazi ya kuandaa ukurasa huu tumeona ni heshima zaidi kumweka kwenye mizani. Mhasibu hafungi hesabu kwa upande mmoja wa daftari.

Alizaliwa Chato tarehe 29 Oktoba 1959, wakati huo ikiwa sehemu ya Biharamulo. Mwaka 1975 aliingia Seminari ya Katoke, shule ya Kikatoliki. Padri hakuwa, lakini imani haikumtoka. Baada ya masomo ya ualimu Mkwawa, alifundisha kemia na hisabati Sengerema, na baada ya chuo kikuu akawa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1995 tulimchagua kuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki, jimbo ambalo baadaye liliitwa Chato. Kwa miaka 20 alikuwa naibu waziri na waziri chini ya marais wawili, na mwaka 2015 akawa Rais kwa zaidi ya asilimia 58 ya kura.

Akiwa Rais hakuificha imani yake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, aliacha makanisa na misikiti wazi na akaita taifa katika siku tatu za maombi. Mwaka huohuo, akiwa kanisani Chamwino, Dodoma, aliendesha harambee ya kujenga msikiti, na Wakatoliki wakatoa. Sisi tunaoishi kwa harambee tunajua uzito wa jambo lile.

Imani hiyohiyo ilimpa msimamo mkali juu ya familia na maadili. Aliwaambia wanawake waache uzazi wa mpango, maana elimu sasa ni bure. Na Juni 2017, akiwa Chalinze, alitamka kwamba katika utawala wake mwanafunzi atakayepata mimba hatarudi shuleni. Zuio hilo lilikuwepo kabla yake, lakini yeye alilipigilia msumari. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimruhusu mmoja, wengine wataiga.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Mtu huyohuyo, kuanzia Januari 2016, ndiye aliyefuta ada hadi kidato cha nne. Kuna watoto wa wavuvi wa Muganza na wa wakulima wa Bwanga walioingia sekondari kwa sababu yake. Mkono mmoja ulifungua mlango, mwingine ukaufunga kwa binti aliyejikwaa, au aliyekwazwa na mtu mzima. Mwanamume aliyempa mimba sheria ilimtishia jela, lakini wengi wetu tunajua jinsi mambo hayo yalivyomalizwa kwa ng'ombe na vikao vya ukoo. Binti ndiye aliyebaki nyumbani.

Tuseme kweli: hatukumpinga. Wengine tulipiga makofi, kwa kuwa maneno yale ndiyo tuliyosikia kwa baba na bibi zetu. Kwa hiyo lawama, kama ipo, si yake peke yake.

Alifariki tarehe 17 Machi 2021, akazikwa hapa Chato tarehe 26. Novemba mwaka huo serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Mlango ukafunguka kwa waraka. Lakini waraka haulei mtoto mchanga mama yake akiwa darasani, wala haufupishi njia ya kilomita nyingi kwa mguu, ambayo ndiko taabu ya mabinti wengi inakoanzia.

Alichojenga kinaonekana. Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo aliliwekea jiwe la msingi mwaka 2019, lilizinduliwa Juni 2025 likiwa na jina lake. Sisi tuliowahi kukesha kwenye foleni ya kivuko tunalivuka sasa kwa dakika chache na kumwombea. Lakini lazima tukiri kwamba kwa miaka mingi tulizoea kuwa na mtu mkubwa wa kumpelekea shida. Sasa hayupo, na mwingine hatuna sababu ya kumsubiri.

Ndiyo maana fomu ya ahadi iliyo mwishoni mwa kitabu hiki inahusu mabweni ya wasichana, na nafasi kwa wale wanaorudi wakiwa mama. Anayemuenzi hayati kwa elimu bila ada atoe kwa sababu hiyo. Anayeamini kwamba alikosea juu ya mabinti atoe kwa sababu hiyo. Na anayeshika maadili aliyoyasimamia akumbuke kwamba bweni lenye mlinzi na taa humlinda binti kuliko tamko la jukwaani.

Shilingi zote zitaingia kwenye daftari moja, na daftari hilo litasomwa mbele yenu.

Karibuni tutoe.