Mipira mikubwa bila kuinua gari: namna ya kupima kabla ya kununua

Mvua ikianza mwezi wa 11, garaji za Kolwezi zinapokea ombi lilelile. Dereva anataka mipira mikubwa kidogo, lakini hana feza ya kuinua gari kwa kubadilisha resori na amortisa. Anayekwenda Likasi na Lubumbashi iko na lami, karibu kilomita 300. Anayeelekea magharibi, Mutshatsha, Kasaji mpaka Dilolo, anafuata njia ya udongo kando ya reli inayokwenda Lobito. Kule ndiko gari inaweza kulala usiku mzima ndani ya matope, na mgonjwa, mama wauzaji na magunia ya mahindi juu yake. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutaka gari ndefu zaidi.

Jibu la mafundi wengi ni kwamba inawezekana, kwa hatua moja tu. Zaidi ya hapo kuna hatari, na hatari yenyewe haionekani gari ikisimama mbele ya garaji.

Nusu tu ndiyo faida

Hilux na Prado nyingi zinakuja na mpira wa 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wa mpira, ukihesabiwa kwa asilimia ya ule upana. Ya mwisho ni janti, kwa inchi. Ukipiga hesabu, mpira huo una kimo cha milimita 776 kutoka chini hadi juu. Ukichukua 265/70R17, unapata 803. Tofauti ni milimita 27, na mwenye kuuza atakuambia gari inapanda kwa milimita 27. Hapana. Gurudumu linazunguka katikati yake, kwa hiyo ekseli inapanda nusu tu, karibu milimita 13: unene wa kidole. Ukiruka mpaka 285/70R17, kimo ni 831, na unapata milimita 27 chini ya gari.

Kidole kimoja kinaonekana kidogo, lakini kinakaa mahali pazuri. Kwenye ekseli nzima, kama ile ya nyuma ya Hilux, kitu kinachogonga katikati ya njia iliyochimbwa na malori ni difransieli. Kuinua gari kwa resori kunapandisha bodi na shasi, difransieli inabaki palepale. Mpira ndio peke yake unaoipandisha. Ndiyo maana dereva wa Mutshatsha asiye na feza ya resori hajakosea kuanza na mpira.

Tena, Land Cruiser pikap za migodini nyingi zinatembea na mpira wa 7.50R16, ambao kimo chake ni karibu sentimita 80. Hilux ikivaa 265/70R17 inafikia kimo hicho. Na ile 7.50 ni nyembamba: katika matope yaliyolala juu ya udongo mgumu mwekundu, inakata na kushuka mpaka fasi ngumu, inapata kushika. Mpira mpana unaelea, jambo zuri kwenye mchanga lakini si kwenye utelezi wa Januari. Watu wanapenda mpana kwa sababu unapendeza machoni.

Fasi mpira unapogusa

Gari ikisimama kwenye saruji, karibu kila mpira unaingia. Shida inakuja usukani ukikatwa mpaka mwisho, na resori ikiwa imebanwa. Hapo mpira wa mbele unatafuta kona ya pareshoki, plastiki ya ndani ya gardebu, na hasa kile chuma kinachoshika kabini juu ya shasi, nyuma kidogo ya gurudumu. Kwenye Hilux na Prado chuma hicho ndicho kinachogusa mapema. Kwenye Land Cruiser 79, mpira mpana unafuta kwanza ile mikono ya chuma inayoshika ekseli ya mbele.

Kugusa plastiki ni kelele. Kugusa lile bomba laini linaloleta mafuta ya breki ku gurudumu ni jambo lingine. Mpira unalifuta kidogokidogo kila gari ikigeuka na mzigo, dereva hasikii chochote, na siku linapasuka breki inakwenda chini mpaka sakafuni. Hili ndilo la kuangalia kwanza, mbele ya gardebu.

Kwa hiyo usinunue mipira 5 halafu ujaribu. Omba gurudumu moja kwa rafiki au kwa muuzaji, lifunge mbele. Pandisha gurudumu hilo juu ya tuta au mbao ngumu za kimo cha sentimita 30 au 40, ili resori ibanwe, na weka mawe nyuma ya magurudumu mengine. Weka mzigo wa kweli ndani ya gari, kiasi kile unachobebaka siku ya soko, si gari tupu. Paka udongo wa maji juu ya kingo za mpira. Mtu mmoja akate usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kuume, polepole. Mwingine aangalie akiwa pembeni, si chini ya gari. Udongo utaacha alama pale panapogusa. Fanya upande wa pili, na nyuma pia, maana pikap iliyojaa magunia inashusha gardebu juu ya mpira.

Alama ikiwa kwenye plastiki tu, fundi anaweza kukata au kurudisha nyuma kwa moto kidogo. Kona ya pareshoki inakatika bila shida. Ukingo wa bati ndani ya gardebu unaweza kulazwa kwa nyundo, kisha upakwe rangi siku hiyohiyo, la sivyo kutu ya msimu mmoja itaula. Ekseli nzima kama ya 79 ina bolti ya kuzuia usukani. Ikirefushwa kidogo mpira hautagusa, lakini gari itahitaji fasi kubwa zaidi kugeuka. Alama ikiwa kwenye chuma cha kabini, kuna mafundi wanaokikata na kukiunga upya. Kwa gari inayobeba watu, ni afazali kurudi kwenye mpira mdogo.

Wengine wanakimbilia kuweka kale, kile chuma cha katikati ya janti na gurudumu, ili mpira utoke nje. Kwa kweli inaongeza shida. Mpira ukitoka nje unachora duara kubwa zaidi wakati wa kugeuka, unakutana na pareshoki mapema, na beringi inabeba mzigo vibaya.

Janti, na kazi ya kwado

Janti ya Land Cruiser ya zamani, ya inchi 5.5, imefanywa kwa ajili ya 7.50R16. Mpira wa 265 unataka janti ya inchi 7 au zaidi. Kuulazimisha kwenye janti nyembamba kunavimbisha kuta zake, na kwenye kona, gari ikiwa na mzigo, inayumba.

Kuna janti zenye pete ya chuma inayofungua. Kwado anazipenda kwa sababu anazifungua kwa nyundo na vyuma viwili tu, bila mashine. Pete hiyo ikiruka mpira ukiwa na hewa, inaua mtu. Hewa yote itolewe, hata ule msumari mdogo wa ndani ya valvu uchomolewe, mbele ya kulegeza nati za gurudumu. Pete iliyopinda au kuliwa na kutu hairudishwi. Wakati wa kujaza, gurudumu lifungwe kwa mnyororo au liwekwe ndani ya kizimba cha vyuma, na kwado asimame pembeni na bomba refu. Asipige pete nyundo kama hewa iko ndani. Watoto wanaopenda kuchungulia kwado akifanya kazi wafukuzwe kabisa.

Kwenye mpira wenyewe soma mambo mawili. La kwanza ni namba ya mzigo: 112 maana yake kilo 1,120 kwa kila mpira, 121 ni kilo 1,450. Mpira mkubwa wa okazio unaweza kuwa na namba ndogo kuliko ule uliotoka nao. La pili ni tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mpira wenye meno mazuri lakini wa miaka 12 ni mpira uliokauka.

Kipimo kimoja kwa yote, na spea pia

Kuweka mipira mikubwa nyuma na kuacha ya zamani mbele kunaharibu gari ya 4x4. Ukishika 4x4 kwenye udongo mgumu, mbele na nyuma zinataka mwendo tofauti, na boksi ya 4x4 inavutwa mpaka inavunjika. Spea nayo iwe ya kipimo kilekile. Jaribu kama inaingia chini ya karoseri. Nyingi hazitoshi, na lazima zipande juu.

Kilometa nayo inadanganya. Kwa 265/70R17 katika gari ya 265/65R17, ikionyesha 100, unakimbia zaidi ya 103. Kwa 285/70R17, ni 107. Ndani ya migodi, ambako mwendo unapimwa, dereva anaandikiwa kosa na kusema kilometa yake ilikuwa sawa. Breki pia inafanya kazi zaidi, na gari inachoka mapema kupanda mlima.

Mbele ya kutoa feza, jaribu kitu cha bure: hewa. Kwenye mchanga au matope laini, gari isiyo na mzigo mkubwa ikishushwa mpaka bari 1.5 inatoka mara nyingi pale iliposhindwa. Tembea polepole, na rudisha hewa kabla ya lami. Wenye mpira wa ndani wasishuke sana: mpira wa nje unaweza kuteleza juu ya janti na kung'oa valvu.

Mipira mipya ikishafungwa, kaza nati tena baada ya kilomita 50. Ukirudi kutoka safari ya kwanza yenye mzigo, lala chini na taa, uangalie bomba za breki na ndani ya gardebu kama kuna fasi iliyong'aa.