Machungwa ya Mombasa



Wapo wajukuu wetu wadhanio kuwa machungwa yaliletwa Pwani na Wareno. Sivyo. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, miwa, malimau na machungwa tele. Mabaharia wake wagonjwa wakapona. Mwandishi wa msafara akaisifu hewa yetu. Miaka 249 baadaye, mwaka 1747, tabibu James Lind alibainisha kuwa malimau na machungwa huponya kiseyeye.

Huku Birmingham mchungwa hukaa chunguni: nje wakati wa kiangazi, ndani penye mwanga kabla ya jalidi, maji yasituame. Naomba kila nyumba ipande mmoja, ili historia hii isizikwe pamoja nasi wazee.